Tulisomewa mapato, matumizi bado

Katika vijiji vya wilaya ya Mkalama, mkutano mkuu wa kijiji una kipengele kimoja ambacho watu hawakubali kirukwe. Mwenyekiti anaweza kufupisha taarifa ya ulinzi, mgeni kutoka wilayani anaweza kuaga mapema, wingu la mvua linaweza kutanda. Lakini mtendaji haondoki pale kabla hajasoma mapato na matumizi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ndiyo iliyoweka utaratibu wa mkutano huo kukaa kila baada ya miezi mitatu. Wapo wenyeviti wanaoupiga chenga, hilo linajulikana. Lakini sijapata kumwona mtendaji aliyesimama mbele ya watu akasoma mapato peke yake, kisha akafunga daftari. Akishataja kilichoingia, anajua swali linalofuata ni lipi, na mara nyingi linatoka kwa akina mama waliokaa nyuma, chini ya mti.

Nduguti ni makao makuu ya wilaya hii, iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Iramba. Kutoka hapa, kupitia Iguguno na Singida mjini, hadi Bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Mtu wa mjini anaweza kudhani kuwa mkataba unaotiwa saini na Dubai au na Brussels hauwagusi watu wanaolima alizeti, vitunguu, dengu na uwele huku. Wanaolima wanajua vinginevyo. Dizeli ya mashine ya kukamua inapitia bandarini, na mbolea, na bati, na vipuri vya bodaboda, na dawa ya kupulizia vitunguu. Mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, mshindani mkubwa wa alizeti yetu, nayo yanashukia hapohapo. Bajeti ya mwaka 2018/19, chini ya Waziri wa Fedha Dk. Philip Mpango, ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka asilimia 10 hadi 25, na ule wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, ili kumlinda mkulima wa ndani. Namba kama hizo huku huingia hadi jikoni, kwa sababu ndizo zinazoamua kama gunia la alizeti litalipa ada ya mtoto au litaishia kwenye deni la pembejeo.

Ndiyo maana nimekuwa nikisikiliza kwa makini sana namna viongozi wetu wanavyoitetea mikataba ya kimataifa inapozua mzozo. Nimesikiliza kwa miaka mingi, serikali hadi serikali. Karibu kila mara nimesomewa taarifa ya mapato iliyopangwa vizuri, na daftari likafungwa.

Suala la bandari ndilo lililo karibu zaidi na kumbukumbu zetu. Tarehe 25 Oktoba 2022 Tanzania na Dubai zilitia saini makubaliano ya kuendeleza na kuboresha bandari zetu, na kwa upande wetu aliyesaini ni Profesa Makame Mbarawa, Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi wa wakati huo. Wananchi wengi hawakuyaona maandishi yake hadi nakala iliposambaa mitandaoni mwaka uliofuata, wakati azimio la kuyaridhia likiwa tayari njiani kwenda bungeni. Bunge likaridhia tarehe 10 Juni 2023.

Siku ile waziri alikuja na tarakimu. Shehena ingepanda kutoka tani milioni 18.41 za mwaka 2021/22 hadi tani milioni 47.57 ifikapo mwaka 2032/33. Meli zilizokuwa zikisubiri nangani kwa wastani wa siku 5 zingesubiri saa 24. Mapato ya Serikali yanayotokana na forodha bandarini yangekua kutoka shilingi trilioni 7.76 hadi trilioni 26.7. Ajira zingeongezeka kutoka 28,990 hadi 71,907.

Itazame hiyo ya mwisho. Hakusema ajira elfu sabini hivi, wala kati ya elfu sitini na elfu themanini. Alihesabu hadi mtu wa saba. Mambo ya miaka kumi ijayo yakitajwa kwa namna mtu anavyohesabu kuku wake jioni wanapoingia bandani, masikio husahau kwamba ni makadirio. Namba ikishatamkwa hivyo bungeni huwa na maisha yake yenyewe: ikarudiwa redioni, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye mabango, na kila ilipopita ilizidi kufanana na kitu kilichokwisha kutokea. Lakini nani aliyetusomea upande wa pili wa jedwali lile? Tunaacha nini, tunafunga milango gani, na hesabu ikikosewa nani analipa?

Sisemi tarakimu zile zilikuwa za uongo. Bandari ilikuwa na maradhi ya kweli. Kampuni ya TICTS ilikuwa imeshika gati za makontena tangu mwaka 2000 hadi mwisho wa 2022, na yeyote aliyewahi kusubiri mzigo Dar es Salaam anajua jinsi siku zinavyoliwa na foleni na jinsi gharama za kuchelewa zinavyomfuata mnunuzi wa mwisho hadi dukani Nduguti. Mwenye nyumba inayovuja ana haki ya kutafuta fundi. Sikuwa miongoni mwa waliotaka Dubai ifukuzwe. Nilitaka kusikia bei nzima ya fundi, pamoja na kitakachofuata akiharibu kazi.

Badala yake tukaingia kwenye mabishano ya jina. Waliopinga waliyaita mkataba. Viongozi wakasahihisha kila jukwaa walilopanda: huu si mkataba, ni makubaliano ya awali baina ya Serikali mbili, mikataba ya uendeshaji itakuja baadaye. Kisheria tofauti hiyo ipo, na mwanasheria yeyote atakuambia kwamba hati ya aina ile hutangulia mikataba ya utekelezaji. Lakini maneno haya yana uzito wake katika Kiswahili tunachokiishi. Makubaliano ni kuazimana maksai wa kulimia. Ukibadili mawazo unamtuma mtoto kwenda kumwambia jirani. Mkataba ni karatasi yenye saini, shahidi na mhuri. Mtu akikuambia haya ni makubaliano tu, mabega yanashuka.

Maandishi yenyewe hayakushusha mabega. Ibara ya 23 ilizizuia pande zote mbili kujitoa, kusitisha au kuvunja makubaliano hayo katika mazingira yoyote, hata kama upande mmoja ungeyakiuka vibaya. Ibara ya 20 ilipeleka migogoro kwenye usuluhishi Johannesburg, Afrika Kusini. Viongozi walijibu kwamba vifungu vya namna hiyo ni vya kawaida katika sheria za kimataifa, na kwamba makubaliano yanaweza kurekebishwa pande zote zikiridhia. Huenda ni vya kawaida. Hata hivyo nchi hii mwaka 2017 ilipitisha sheria mbili, Na. 5 na Na. 6, kuhusu mamlaka ya wananchi juu ya mali asili na kuhusu kupitia upya masharti hasi katika mikataba. Zilipitishwa kwa shangwe na kwa hotuba zilizosema wakati wa kuhukumiwa ugenini kwa mali zetu umekwisha. Anayekuja miaka sita baadaye kuniambia kwamba ugenini ni kawaida ana wajibu wa kunieleza kilichobadilika kati ya hotuba hizo mbili.

Na kuna suala la lugha, ambalo naona halikupewa uzito wake. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Makubaliano ya bandari yalikuwa kwa Kiingereza, na utetezi wake ukatolewa kwa Kiswahili fasaha, chenye methali na vicheko vya hapa na pale. Msikilizaji wa Nduguti alipewa sauti ya mtetezi bila karatasi ya kuilinganisha nayo. Aliyekuwa na simu kubwa na mtoto wa chuo wa kumtafsiria aliweza kubishana. Wengine walibaki kuchagua nani wa kumwamini, na mtu asiye na maandishi huchagua kwa chama, kwa dini, kwa kabila, au kwa sura ya msemaji. Baadaye viongozi haohao walilalamika kwamba mjadala umeingiliwa na itikadi na imani.

Neno lililotumika kuliko yote miezi ile ni kuelimisha. Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Julai 2023 iliunga mkono uamuzi wa Serikali na kuielekeza iendelee kuwaelimisha wananchi, na misafara ikatawanyika mikoani. Ni neno lenye heshima kubwa nchini. Wazazi wetu walielimishwa kwa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu vijijini kwenye vikundi vya kusikiliza, wakarudi makwao wakachimba vyoo. Kuhusu choo, aliyeelimisha alijua na aliyeelimishwa hakujua, na hakukuwa na ubaya wowote. Mkataba ni jambo la namna nyingine. Ndani ya neno kuelimisha kuna dhana kwamba anayepinga anapinga kwa kutojua, na akijua atakubali. Mtu anauliza tutatokaje ndani ya jambo hili iwapo litaharibika, anajibiwa kwamba meli zitashusha haraka. Anauliza tena, anaambiwa hajaelewa. Hapo swali lake limekwisha kuhesabiwa kama ugonjwa unaotafutiwa dawa, na hakuna tena anayelitafutia jibu.

Ni kweli kwamba baadhi ya wapingaji walisema mambo ya aibu. Walimshambulia waziri kwa Uzanzibari wake na wakamtazama Rais Samia Suluhu Hassan kwa jicho hilohilo, na wapo walioanza kuhesabu misikiti na makanisa. Viongozi walikuwa na haki kabisa ya kukemea. Kisha tarehe 18 Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko lake la kupinga, na siku tatu baadaye, kwenye maadhimisho ya miaka 60 ya KKKT mkoani Arusha, Rais akasema hakuna mwenye misuli ya kuligawa taifa hili wala kuliuza. Kauli ile iliwatuliza wengi, na sikuona shaka kwamba aliimaanisha. Lakini aliyekuwa na hofu ya Ibara ya 23 aliondoka nayo kama alivyokuja. Kukemea ubaguzi ni kazi moja, kujibu ibara ni kazi nyingine, na ya kwanza ilifanywa mara nyingi kana kwamba imeimaliza ya pili.

Katikati ya mwezi huohuo mambo yalifika pabaya zaidi. Mahakama Kuu Mbeya ilitupilia mbali shauri la wananchi wanne la kupinga makubaliano ya bandari tarehe 10 Agosti. Siku chache baadaye wapingaji watatu, wakili Boniface Mwabukusi, Mdude Nyagali na Balozi Dk. Wilbrod Slaa, walikuwa mikononi mwa polisi, na neno uhaini likatajwa. Waliachiwa bila kufikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Serikali yenye hoja nzuri haina sababu ya kuiweka hoja hiyo karibu na neno kama lile, kwa sababu neno lile linafika hadi Nduguti kabla ya hoja, na likifika, mikono iliyokuwa imenyooshwa kuuliza hushuka.

Lipo jambo linalonifanya nikatae kuamini kwamba haya ndiyo maumbile ya serikali na hayabadiliki. Mwaka 2016 tulisomewa matumizi, na tulisomewa vizuri.

Mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ule tuliouzoea kwa jina la EPA, yalikamilika Oktoba 2014. Kwa mujibu wake, nchi zetu zingefungua soko hatua kwa hatua, katika kipindi cha hadi miaka 25, kwa asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya. Kenya ilikuwa na haraka na sababu yake ilieleweka. Haimo kwenye kundi la nchi maskini kabisa, hivyo bila mkataba maua yake yangelipishwa ushuru Ulaya. Tanzania imo kwenye kundi hilo, na tayari ilikuwa ikiuza Ulaya bila ushuru kila kitu isipokuwa silaha. Julai 2016, wiki chache baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Serikali ya Rais John Magufuli ikasema haitasaini. Kenya na Rwanda zikasaini tarehe 1 Septemba. Novemba Bunge letu likakataa kuuridhia.

Nakumbuka nilivyosikiliza mjadala ule. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Palamagamba Kabudi kabla hajaingia serikalini, waliitwa kuwaeleza wabunge. Mambo yakachambuliwa moja moja: ushuru wa forodha tutakaoupoteza, viwanda ambavyo havijasimama kushindana na vilivyosimama miaka mia, kilimo cha Ulaya kinachopewa ruzuku, kujitoa kwa Uingereza ambayo ni mnunuzi mkubwa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliandika gazetini kuupinga kwa hoja na takwimu. Hakuna aliyesema wananchi waelimishwe. Hakuna aliyesema vifungu vile ni vya kawaida duniani. Kila tulichokatazwa kuogopa mwaka 2023 tulihimizwa kukiogopa mwaka 2016.

Sasa, hata mwaka 2016 daftari lilisomwa nusu. Safari ile tulisomewa matumizi bila mapato. Sikumbuki kiongozi aliyesimama kueleza kwa utulivu kile ambacho tungekikosa kwa kukataa, au hasara ya kumwacha jirani yetu Kenya peke yake ndani ya soko la pamoja. Kenya iliendelea na safari yake, ikasaini mkataba wake na Umoja wa Ulaya tarehe 18 Desemba 2023 jijini Nairobi, na ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Lakini nusu ile ya mwaka 2016 ilithibitisha jambo kubwa: nchi hii ina watu wanaoweza kusoma mkataba ibara kwa ibara mbele ya umma, kwa lugha inayoeleweka, na umma ukafuatilia. Uwezo upo. Unaitwa pale Serikali inapotaka kukataa na unapewa likizo pale inapotaka kukubali.

Mkapa mwenyewe ni kielelezo ninachokirudia mara kwa mara, na ninakirudia kwa heshima. Alipokuwa Ikulu, kati ya mwaka 1995 na 2005, ndipo mashirika mengi ya umma yalipobinafsishwa, migodi mikubwa ya kigeni ikafunguliwa, na gati za makontena zikakabidhiwa TICTS. Aliitetea sera ile kwa nguvu zote. Akili iliyochambua hasara za EPA mwaka 2016 ni ileile iliyokuwapo Ikulu. Kilichotofautiana ni kiti alichokalia. Aliye nje ya ofisi anaweza kutaja gharama bila kuonekana anakosoa saini yake.

Na anayezitaja gharama akiwa ndani ya nyumba, lakini si upande wa mwenye saini, huwa anaumia. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alihoji bungeni mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Bunge likamsimamisha mbunge huyo Agosti. Kabla mwaka haujaisha Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia upya sekta ya madini, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Zitto.

Gharama zisizosomwa hazipotei. Tarehe 14 Julai 2023, wakati misafara ya kuelimisha ikizunguka nchi kuhusu bandari, jopo la wasuluhishi wa kimataifa chini ya Benki ya Dunia liliamuru Tanzania iilipe kampuni ya Indiana Resources na washirika wake kiasi cha dola milioni 109, riba ikiwa ndani, kwa kufutiwa leseni ya nikeli ya Ntaka Hill. Msingi wa kesi ulikuwa mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza, uliosainiwa mwaka 1994. Mwaka 2024 pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Mtoto aliyezaliwa Nduguti mwaka ule wa 1994 alikuwa na miaka 30 fedha hizo zilipokuwa zinatafutwa, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba ana deni la umri wake.

Katika mjadala kama huu Watanzania hatuchukui muda kumtaja Mangungo wa Msovero. Tumemsoma shuleni: Novemba 1884 Karl Peters alimpa karatasi ya Kijerumani, akaambiwa ni ya urafiki, kumbe alikuwa anatoa nchi. Viongozi huchukia sana kufananishwa naye, na ninawaelewa, kwa sababu ndani ya mfano ule kuna tusi la ujinga. Mimi naona tumemwonea mzee yule kwa kumcheka. Huku kwetu, Mkalama, Wajerumani walijenga boma mwanzoni mwa karne ya 20, mbali sana na Usagara. Watu wa hapa, Wanyiramba na Wanyisanzu, hawakuwahi kumwona Mangungo wala karatasi yake, lakini mawe ya boma yalikuja. Kila nikilifikiria boma lile nakumbuka kwamba aliyetia alama yake kwenye karatasi ile alikuwa na mkalimani mmoja tu, na mkalimani huyo alikuja na mgeni.

Niseme na la nyumbani. Katika sanduku la bati la mama kuna karatasi moja iliyokunjwa mara nne, mkataba wa kilimo cha alizeti ambao baba aliusaini na mnunuzi mmoja zamani kidogo. Bwana aliyekuja kuutangaza kijijini alizungumza vizuri. Mbegu bora kwa mkopo, soko la uhakika, hakuna kuhangaika na madalali, hakuna lumbesa. Yote yalikuwa kweli. Asichokisoma ni mstari uliosema kwamba deni la mbegu litabaki hata mvua ikikatika, na kwamba bei itakuwa ile ya soko siku ya kuchukua mzigo. Mvua ilikatika Februari. Deni likalipwa kwa fahali. Baba alipomuuliza mbona mstari ule haukusomwa, jibu lilikuwa kwamba hakuna aliyeuulizia. Baba hakugombana naye. Alichosema nyumbani ni kwamba angesaini hata kama angeusoma, kwa kuwa mbegu ile alikuwa anaihitaji, ila asingepanda ekari zote.

Nadhani viongozi wetu hawajawahi kulifikiria hilo, kwamba mtu anaweza kusikia gharama yote na bado akasema haya, tuendelee, ila tupunguze ekari. Wanaogopa kwamba wakitaja hasara watakataliwa. Kwa hiyo wanaeleza neema tupu, na neema tupu ndiyo inayomtia mkulima wasiwasi, kwa sababu mnadani amezoea kwamba ng'ombe asiye na kasoro hata moja ndiye wa kumkagua meno mara mbili.

Ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana ulitolewa na Serikali yenyewe. Tarehe 22 Oktoba 2023, Ikulu ya Chamwino, mikataba ya uendeshaji ilisainiwa, na safari hii maelezo yalikuwa na umbo jipya. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Bandari, Plasduce Mbossa, alitaja gati kwa namba, 4 hadi 7. Alitaja muda, miaka 30. Akaeleza kwamba utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Mipaka, ukomo na kipimo: mambo matatu ambayo waliopinga walikuwa wakiyalilia tangu Juni, wakiambiwa hawajaelewa. Siwezi kuapa kwamba kelele zao ndizo zilizoyaweka pale. Lakini nilikuwepo, nilisikiliza Juni na nikasikiliza Oktoba, na nikaona jinsi joto lilivyopungua haraka mara tu watu walipotajiwa ukubwa wa kitu wanachokitoa.

Wapo watakaosema mazungumzo ya mikataba hayawezi kufanyika hadharani, na wako sahihi. Mnadani humtajii mnunuzi bei yako ya mwisho kabla hujauza. Lakini ng'ombe akishauzwa, familia huambiwa ameuzwa shilingi ngapi, na kama kuna ndama aliyekwenda naye. Kati ya Oktoba 2022 na Juni 2023 kulikuwa na miezi saba na zaidi baada ya saini. Ilitosha kuyatafsiri makubaliano kwa Kiswahili, kuyachapa, kuyapeleka kwenye halmashauri, na kumtuma ofisa mmoja kila wilaya akae na watu nusu siku, akiwa na ruhusa ya kusema hapa tunapata na hapa tunatoa.

Tathmini ya kwanza ya miaka mitano haiko mbali. Ningependa siku hiyo itakapofika zisomwe zile tarakimu za Juni 2023, tani milioni 18.41 kwenda milioni 47.57, siku 5 kwenda saa 24, watu 28,990 kwenda 71,907, na pembeni yake kilichopatikana hasa, na chini yake tulichotoa. Kwa Kiswahili, karatasi moja tu. Pale kwenye ofisi ya kijiji, karibu na orodha ya michango ya madarasa na taarifa ya miezi mitatu iliyopita, ubaoni kuna nafasi.